Somo la Vikundi: Mahindi ya Jirani

Somo hili ni la mikutano miwili. Msomaji wa kikundi asome kwa sauti na polepole, akipumzika kila penye swali, ili hata wazee wetu wasiojua kusoma wapate nafasi ya kusema. Kabla ya kuanza, fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41 na 42, habari za Yusufu na ghala za Misri. Tutazirudia mbele kidogo.

Ukisimama pale Salgaa jua likitua, utayaona malori yamejipanga kando ya barabara kama ng'ombe mnadani. Namba zake ni za Uganda, Rwanda, Kongo na hata Sudan Kusini. Yanayotoka Mombasa yamebeba mafuta, mabati, mbolea na ngano. Yanayoteremka kutoka upande wa Malaba na Busia yana mahindi, maharagwe, mayai, maziwa na mbao. Mbele kidogo, Mau Summit, barabara inagawanyika: moja inaelekea Kericho na Kisumu, nyingine Eldoret na Malaba. Kwa hiyo, ndugu zangu, hata yule ambaye hajawahi kusafiri kupita Nakuru mjini anaishi kando ya njia ya nchi nyingi, na njia hiyo inaingia mpaka jikoni kwake.

Msimu mmoja nilikaa na kikundi kimoja upande wa Molo. Walikuwa wameweka mahindi yao pamoja katika stoo ya mwanachama mmoja, wakingoja bei ipande. Akaja broka, akatazama magunia, akacheka. Akawaambia mahindi ya Uganda yameshafika, bei imeanguka, wakikataa pesa zake leo kesho watamtafuta. Basi kikao kiligeuka moto. Wengi walitaka katibu aandike barua kwa mheshimiwa mbunge, aiambie Serikali ifunge mpaka. Karatasi ikaletwa. Ndipo mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hukaa kimya akifuma kikapu chake, akauliza: "Na mwezi wa sita tutakula nini?" Watu walicheka. Kisha wakanyamaza.

Somo hili limetokana na swali la huyo mama.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Chukueni kalamu. Bei ninazotaja ni za mfano tu. Ninyi wekeni zile za soko lenu.

Tuseme mama mmoja amevuna magunia 10 ya kilo 90. Desemba anauza 7 kwa shilingi 2,500 kila moja, anapata 17,500 za karo ya Januari. Amebaki na matatu. Nyumba yake ina watu saba, wanakula gorogoro moja kwa siku, yaani kilo mbili. Gunia moja lina gorogoro 45, kwa hiyo litawafikisha mwezi mmoja na nusu. Magunia matatu yanakwisha katikati ya Mei. Mahindi mabichi shambani hayako tayari mpaka Septemba. Kwa miezi minne na nusu mama huyu hana mahindi, na atanunua gorogoro 135. Gorogoro ikiwa shilingi 100, atatoa 13,500. Magunia matatu aliyouza Desemba kwa 7,500 ameyanunua tena kwa 13,500. Elfu sita zimekwenda, na hakuna mwizi aliyevunja mlango.

Sasa tufunge mpaka, kama ile barua ilivyotaka. Desemba bei inapanda, tuseme mama anauza gunia kwa 3,000. Amepata 3,500 zaidi kwa magunia yake 7. Vizuri. Lakini Juni, mpaka ukiwa bado umefungwa, gorogoro nayo inapanda hadi 140. Zile gorogoro 135 sasa ni 18,900. Ameongeza 3,500 kwa mkono mmoja na kupoteza 5,400 kwa mkono mwingine.

Kwa mkulima mwenye magunia 300 kule Trans Nzoia hesabu ni nyingine kabisa, na akitaka mpaka ufungwe simlaumu, anatetea jasho lake. Lakini mara nyingi barua ya mwenye magunia 300 hutiwa sahihi na mwenye magunia 10. Watafiti wa Tegemeo, taasisi ya Chuo Kikuu cha Egerton hapa hapa kwetu, wamesema kwa miaka mingi kwamba wakulima wadogo wengi wa Kenya kwa mwaka mzima hununua mahindi mengi kuliko wanayouza. Ni sisi hao. Desemba tu wauzaji, Juni tu wanunuzi, na mtu ni yule yule.

Pumzikeni hapa. Kila mwanachama aseme: mwaka uliopita mahindi yako yaliisha mwezi gani?

KWA NINI YAO NI RAHISI

Watu husema Waganda wanatumaliza kwa hila. Hakuna hila. Sehemu nyingi za Uganda zinapata mvua mbili nzuri kwa mwaka, wanavuna karibu Juni na Julai, kisha tena Desemba na Januari. Udongo wao sehemu nyingi bado una nguvu, wengi hawaweki mbolea ya dukani. Na wao si walaji wakubwa wa ugali kama sisi. Wana matoke, mihogo na viazi vitamu, kwa hiyo mahindi mengi hulimwa ili yauzwe. Sisi huku juu Molo, Njoro na Kuresoi tunapanda Machi au Aprili, tunavuna mwisho wa mwaka mara moja tu, na tumenunua mbegu na mbolea kwa bei inayouma.

Angalieni basi: mavuno yao ya katikati ya mwaka yanakuja wakati ghala zetu ni tupu, nayo yanatuokoa. Mavuno yao ya Desemba yanakutana na yetu, nayo yanatuumiza. Ni jirani mmoja, mpaka mmoja. Tatizo letu kubwa ni kuuza mwezi wa Desemba kwa sababu ya karo, wakati ambao kila mtu anauza, huku na kule.

Yusufu hakuuza wakati wa mavuno. Alikusanya miaka ya shibe, akafungua ghala njaa ilipoingia. Na ndugu zake walipovuka kutoka Kanaani na fedha zao magunia mkononi, waliulizwa maswali makali hata wakaitwa wapelelezi (wale waliowahi kuvuka Busia watatabasamu hapa), lakini mwishowe waliuziwa nafaka.

NANI ALIWARUHUSU?

Swali hili liliulizwa na kijana mmoja katika kile kikao, kwa hasira. Jibu ni kwamba tuliruhusiana. Wazee wa Nakuru wanakumbuka. Reli iliyofika hapa mwaka 1900 na tawi lake likafika Kampala mwaka 1931 haikuwa ya nchi moja. Mpaka miaka ya sitini shilingi ilikuwa moja, ukiuza mbuzi Nakuru unanunua shuka Mwanza bila kubadilisha pesa. Mwaka 1967 Mzee Kenyatta, Mwalimu Nyerere na Rais Obote walitia sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu yakawa Arusha. Reli na ndege zilisimamiwa Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala.

Ilidumu miaka kumi tu. Mwaka 1971 Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, basi marais hawakukutana tena. Tanzania ilifuata ujamaa, Kenya ikafuata njia ya kila mtu na mfuko wake. Lakini donda lenyewe lilikuwa faida. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na bidhaa zikatoka huku kwenda kwao kuliko zilivyotoka kwao kuja huku. Mkataba uliwapa ruhusa ya kutoza kodi kidogo bidhaa za jirani ili viwanda vyao vikue, hiyo haikutosha. Walinung'unika kama tunavyonung'unika sisi leo juu ya mahindi, ila wakati ule wanung'unikaji walikuwa wao na waliokuwa wakiuza ni sisi. Mwaka 1977 shirika la ndege likasambaratika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kugawana mali ya Jumuiya kulichukua hadi 1984.

Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na Marais Moi, Mkapa na Museveni. Umoja wa forodha ulianza Januari 2005. Safari hii walikuwa wamejifunza kidogo: bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru mara moja, lakini bidhaa nyingi za viwanda vya Kenya ziliendelea kutozwa ushuru kule, ukipunguzwa kidogo kidogo mpaka 2010. Mwaka huo wa 2010 soko la pamoja likaanza. Rwanda na Burundi zilikuwa zimeingia 2007, Sudan Kusini ikaja 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024. Nchi nane.

Na sisi bado tunauza. Kwa miaka mingi Uganda imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa bidhaa za Kenya. Vijana wetu wanaofanya kazi katika viwanda vya Nakuru mjini, vya mafuta ya kupikia na vya sabuni, pesa wanazotuma nyumbani zina uhusiano na mama wa Mbale au Soroti anayenunua sabuni. Mwambieni asilete mahindi, naye atauliza sabuni yenu ataichukulia nini.

MPAKA UNAPOFUNGWA KWA BARUA

Mikataba hiyo yote haijawazuia wakubwa kufunga mpaka wanapotaka. Mwaka 2017 kulikuwa na ukame, unga ukaadimika madukani. Juni mwaka huo Tanzania ikazuia mahindi yake yasitoke. Sisi tulikuwa tumekwisha ondoa ushuru wa mahindi ya mbali, ambao kwa kawaida ni asilimia 50, na meli ikaleta mahindi kutoka Meksiko. Wengi mnakumbuka ule unga wa pakiti ya shilingi 90. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya elfu moja wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho, kisha vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vikachomwa moto pale Namanga. Wao walisema ni kuzuia magonjwa. Sisi nasi tulikuwa tumezuia kuku na mayai ya Uganda tangu Januari, tukasema ni homa ya ndege. Mwaka 2020 ikawa zamu ya maziwa ya Uganda kukamatwa.

Halafu tarehe 5 Machi 2021, mamlaka yetu ya kilimo na chakula iliandika barua moja: mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie, yana sumu ya ukungu. Malori yakakwama mpakani na mizigo yake. Siku tano baadaye, tarehe 10, Serikali ikafungua tena, lakini kwa masharti: anayeingiza mahindi awe ameandikishwa, awe na cheti cha mahali yalikotoka, na cheti cha kuonyesha sumu haizidi kiwango. Siku tano. Fikirini mwenye lori moja la kukodi, na dereva anayedai posho ya kila siku.

Mimi naona hivi, na mnaweza kunipinga kikundini. Mlango unaofungwa na kufunguliwa bila taarifa hudhuru mdogo kuliko mlango uliofungwa kabisa. Mkubwa ana ghala na ana simu ya mtu ofisini. Mdogo anasikia habari redioni mahindi yakiwa tayari yamepakiwa. Kama kikundi kinaandika barua kwa mheshimiwa, ningependa kidai hilo: tuambiwe mapema, na sababu iwe ya kweli.

SUMU HAINA TAIFA

Maana sumu yenyewe ni ya kweli. Inaitwa aflatoksini, na huletwa na ukungu unaoota katika mahindi yasiyokauka vizuri. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na 125 wakafa. Yale hayakuwa mahindi ya Uganda. Yalikuwa ya nyumbani, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Kupika hakuondoi sumu hii. Ukimpa ng'ombe mahindi yaliyooza, sehemu ya sumu inarudi kwa mtoto katika maziwa, kwa hiyo usiseme "haya ni ya mifugo tu".

Kiwango kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Kipimo hicho kinamhusu mkulima wa Molo sawasawa na wa Mubende. Huku kwetu juu, ambako mvua na ukungu wa asubuhi hutukuta tukivuna, tuna hatari kuliko tunavyokubali. Mahindi yenye unyevu ndiyo yanayompa broka nguvu: anajua hamwezi kuyaweka, mtauza tu.

Kipimo cha unyevu cha dukani ni ghali kwa kikundi kidogo. Lakini kuna njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu (ianike kwanza juani au kwenye sufuria). Tikisa kwa nguvu dakika moja au mbili, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha kwenye turubai. Isiposhika, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Hapo bado anika siku moja mbili za jua kali ndipo uyafikishe panapotakiwa. Na kumbukeni kipimo hiki kinaonyesha maji tu, hakionyeshi sumu. Mahindi yaliyokwisha ota ukungu hata yakauke namna gani ni mabaya.

KUVUKA AU KUNUNUA PAMOJA

Wachache kati yenu hufanya biashara hadi Busia au Namanga, na wengine hupita njia za panya kwa kuogopa ofisi. Jueni kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo katika orodha iliyobandikwa mpakani, na zisizozidi thamani ya dola 2,000, hutumia fomu rahisi na cheti rahisi cha mahali bidhaa ilikotoka, ambacho hutolewa pale pale mpakani bila malipo. Hatozwi ushuru wa forodha. Mazao ya shamba bado yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Huku kwetu hicho hutolewa na KEPHIS, nchi jirani zina ofisi zao. Kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, tangu 2014 raia huvuka kwa kitambulisho tu. Njia ya panya inaonekana fupi, lakini huko mama hana risiti, na asiye na risiti hana pa kushtaki akinyang'anywa.

Hata hivyo kwa vikundi vingi faida iko karibu zaidi. Badala ya kila nyumba kununua gorogoro moja moja Juni, vikundi vitatu au vinne viweke pesa pamoja, vinunue magunia ya jumla kutoka kwa mwenye lori, vikiuliza kwanza cheti cha sumu. Na Desemba, mfuko wa kikundi umkopeshe mwanachama karo, mahindi yake yakibaki stoo kama dhamana. Kuna pia sheria ya mwaka 2019 ya stakabadhi za ghala, inayomruhusu mkulima kuweka mahindi katika ghala lililosajiliwa na kutumia stakabadhi yake kuomba mkopo. Kile kikundi cha Molo kiliacha barua, kikaanza na mkopo wa karo. Mwaka wa kwanza watu wawili hawakulipa na kukawa na maneno makali, nisiwafiche.

JAMBO MOJA LA BONDE LA UFA

Mwisho ni zito. Januari 2008, baada ya uchaguzi, barabara hii yetu ilifungwa kwa mawe na magogo, na reli ikang'olewa kule Nairobi. Tunakumbuka wafu wetu wa Nakuru na Naivasha, na wengi tulisahau kwamba Kampala na Kigali nao walikosa petroli, bei ikapaa, kwa sababu mafuta yao hupita hapa. Tulifunga mpaka bila barua ya waziri yeyote. Kikundi chenye makabila matatu au manne kiongee jambo hili bila haraka, na kama kuna wanachama wanaoumia bado, msomaji asiwalazimishe.

KAZI KABLA YA MKUTANO WA PILI

Katibu achore miezi kumi na miwili kwenye karatasi kubwa ya manila. Kila mwanachama aweke punje ya mahindi kwenye mwezi anaouza, na haragwe kwenye mwezi anaonunua. Wawili waende Soko la Wakulima Nakuru, waulize bei ya gunia na mahindi yametoka wapi. Na kila nyumba ilete chupa yake ya chumvi.